Zamu ya Kwanza ya Usiku Wodi ya Upasuaji: Mwongozo Kamili kwa Rezidenti Mpya

Kila likija kundi jipya la marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa wa upasuaji, makosa ni yale yale. Mtu amefaulu mitihani yote, mishipa ya shingo anaitaja kwa majina huku amefumba macho, lakini usiku wa kwanza anaoachiwa wodi unamtoa jasho. Asubuhi mgonjwa mmoja yuko hoi, na daktari bingwa ana swali moja tu: "Kwa nini hukunipigia?"

Nimeulizwa swali hilo, na sikuwa na jibu.

Mwongozo huu ni wa usiku mmoja, tangu unapopokea zamu hadi unapoikabidhi. Hauhusu kushika kisu, kwa sababu kisu utafundishwa na hutaachiwa peke yako. Wodi ndiyo utakayoachiwa. Utaratibu wa hospitali yako ukitofautiana na ninayoandika hapa, fuata wa hospitali yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla jua halijazama

- Orodha ya wagonjwa wote kwenye karatasi moja, na kalamu mbili. Moja itaazimwa na haitarudi.
- Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Kuhesabu pumzi bila saa ni kubahatisha.
- Stetoskopu, tochi ndogo na mkasi.
- Namba za simu zilizoandikwa kwa mkono: rezidenti mkubwa, daktari bingwa wa zamu, daktari wa nusukaputi, thieta (chumba cha upasuaji), maabara, benki ya damu na chumba cha wagonjwa mahututi. Simu yako ikizima chaji, karatasi haizimi.
- Maji ya kunywa, na chakula kinacholiwa kwa mkono mmoja huku unatembea.
- Usingizi wa mchana. Nauweka kwenye vifaa kwa makusudi: ukiingia zamuni umeshakesha na kitabu, saa kumi alfajiri utasoma namba ya maabara mara tatu na bado usielewe inasema nini.

## Hatua ya 1: Pokea zamu kitandani, si mlangoni

Anayekukabidhi amechoka na anataka kwenda nyumbani. Atakuambia "wote wako vizuri, kasoro yule wa kitanda cha nane," huku ameshavua koti. Mzuie kwa adabu, mzunguke pamoja.

Kwa kila mgonjwa, uliza mambo manne. Anaumwa nini na amefanyiwa nini, lini? Yukoje sasa hivi? Kuna kipimo, picha au damu inayosubiriwa? Na la mwisho, ambalo karibu kila mtu hulisahau: huyu akiharibika usiku huu, ataharibikia wapi, na mmepanga nini?

Swali hilo la nne linabadilisha mazungumzo yote. "Amepasuliwa utumbo, anaendelea vizuri" linageuka kuwa "utumbo wake umeunganishwa siku tano zilizopita, leo mchana mapigo yamepanda kidogo, tunahofia mshono, akizidi apigwe picha ya CT." Sasa una kitu cha kushika.

Weka alama kwenye orodha yako: nyota kwa wanaokutisha, duara kwa wanaosubiri majibu. Wengine waache bila alama.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja wenye nyota bila kuangalia karatasi.

## Hatua ya 2: Zunguka wodi kabla haijalala

Kati ya saa mbili na saa nne usiku, rudi peke yako kwa wenye nyota. Lengo ni kuwaona wakiwa katika hali yao ya kawaida, ili ukiitwa saa nane ujue kama kweli wamebadilika. Mgonjwa unayemwona mara ya kwanza akiwa mahututi huna cha kumlinganisha nacho.

Katika mzunguko huo funga mianya midogo: dripu zitakazoisha usiku wa manane, dawa za maumivu ambazo hazikuandikwa, sindano ya mshipani iliyovimba. Kila mwanya unaouziba sasa ni simu moja pungufu baadaye.

Kama yupo aliyepasuliwa goita (uvimbe wa tezi ya shingo) siku hiyo, hakikisha kando ya kitanda chake kuna kisanduku cha kufungulia kidonda chenye mkasi, koleo na pamba tasa (isiyo na vijidudu). Sababu nitaieleza kwenye hatua ya tano.

Kisha kaa dakika mbili na muuguzi wa zamu: "Sista, nani anakutia wasiwasi usiku huu?" Atakutajia mtu asiye na nyota kwenye orodha yako. Mwekee nyota. Muuguzi mzoefu anayesema "simpendi alivyo" huwa ameona kitu ambacho bado hakijaingia kwenye chati.

## Hatua ya 3: Simu zikianza, panga nani kwanza

Ukipigiwa, usiulize tu "ana nini?" Omba namba: pumzi kwa dakika, kiwango cha oksijeni, mapigo, presha, joto, na kama mgonjwa anajibu anapoitwa. Mpe muuguzi kazi ya kuanza huku unakuja, kama kumwekea oksijeni, kuandaa sindano kubwa ya mshipani au kutafuta faili.

Wanaokufanya ukimbie ni hawa: anayepumua kwa shida, anayetoka damu, aliyebadilika fahamu ghafla, na aliyevimba shingo baada ya upasuaji wa shingo. Wanaobaki watakusubiri, lakini waambie utafika saa ngapi.

Onyo. Dalili mpya usiitibu kwa simu. Kurudia dawa iliyokwisha kwenye chati ni sawa. "Anaumwa tumbo zaidi ya jana" ni dalili mpya, na haitibiwi ukiwa umekaa. Nenda, hata kama umekaa kitini sekunde hii hii.

## Hatua ya 4: Kitandani, fuata mpangilio ule ule kila mara

Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, halafu mfunue umkague mwili mzima. Mpangilio huu upo kwa sababu kinachoua haraka zaidi kinatangulia. Ukikuta tatizo, lirekebishe kabla hujaendelea. Haina maana kubonyeza tumbo la mtu ambaye oksijeni yake inashuka.

Pumzi zihesabu mwenyewe dakika nzima. Kwenye chati nyingi utakuta 18, 18, 18, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa pamoja. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Ukihesabu 28, una jambo, hata kama namba nyingine zote zinapendeza.

Mtego mkubwa zaidi ni presha. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya takribani lita 5. Akiwa kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu lita moja na nusu, yaani asilimia 30, kabla namba ya juu ya presha haijashuka waziwazi, kwa sababu moyo unakimbia na mishipa inabana kuifidia. Kwa hiyo presha nzuri haikuhakikishii kwamba havuji damu. Tazama mapigo yanayopanda, vidole vya baridi, mkojo unaopungua, na mgonjwa asiyetulia ambaye hawezi kukueleza kwa nini hatulii.

Kipimo cha damu nacho hudanganya saa za mwanzo. Anayevuja anapoteza damu nzima, maji na chembe kwa pamoja, hivyo himoglobini inaweza kusoma vizuri kabisa huku damu inazidi kuvuja. Na mgonjwa anayemeza dawa za presha za kupunguza kasi ya moyo, kama propranololi au atenololi, mapigo yake yanaweza yasipande hata damu ikimwishia. Soma orodha ya dawa zake.

Mrija wa kidondani usipotoa kitu pia usifurahi haraka. Damu ikiganda ndani huuziba.

## Hatua ya 5: Simu tano utakazopokea bila shaka

"Dokta, hakojoi." Kabla ya kuagiza maji, fuata mpira wa mkojo kwa mkono wako kuanzia mwilini hadi mfukoni. Umekunjwa? Mgonjwa ameulalia? Bonyeza chini ya kitovu: kibofu kimejaa? Mpira ulioziba husafishwa kwa bomba la sindano na tatizo huisha hapo hapo.

Mpira ukiwa mzima, piga hesabu. Mtu mzima anatakiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Wa kilo 70 ni mililita 35 kila saa. Akitoa 15 kila saa kwa saa tatu mfululizo baada ya upasuaji, sababu ya kwanza ya kufikiria ni upungufu wa maji au damu mwilini. Wengi huanza na nusu lita ya dripu ya chumvi au ya Ringer ndani ya dakika 15. Mwenye moyo dhaifu hupewa robo lita. Kisha kaa, pima tena, sikiliza mapafu. Kosa ni kuandika dripu na kuondoka. Furosemaidi ya kumlazimisha mtu mkavu akojoe itaipendezesha chati na kuziumiza figo. Na asiyekojoa usimwongezee potasiamu kwenye dripu kabla ya kuona kipimo chake.

"Ana homa." Uliza ni siku ya ngapi. Saa 48 za kwanza, mara nyingi homa ni mwili unaoitikia jeraha la upasuaji. Ukifika siku ya tatu fikiria mkojo na kifua. Siku ya tano hadi ya saba, kidonda na mshono wa ndani. Hesabu hii inasaidia ila si sheria, kwa hiyo fungua bandeji uangalie. Kuna maambukizi machache ya kidonda yanayolipuka ndani ya siku mbili za mwanzo: ngozi inabadilika rangi, maumivu yanazidi kile unachokiona kwa macho, wakati mwingine ngozi inalia kama karatasi ukiibonyeza. Huyo hangoji asubuhi.

"Maumivu hayatulii." Dawa ya maumivu mpe, mgonjwa hateswi ili daktari apate uhakika. Ila jiulize kwa nini dawa iliyotosha jana leo haitoshi. Tumbo laini lenye maumivu makali mno, hasa kwa mzee ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, linaweza kuwa utumbo uliokosa damu. Mguu wenye plasta ngumu unaouma zaidi ukivuta vidole vyake huenda umebanwa na presha ya ndani ya misuli. Fungua plasta yote hadi kwenye ngozi, kisha piga simu.

"Kidonda kinatoa maji." Siku ya tano hadi ya kumi baada ya upasuaji wa tumbo, maji mengi ya rangi ya waridi yanayolowesha bandeji ghafla ni ishara kwamba tabaka za ndani zimeachia. Nyuzi za ngozi zinaweza kuwa bado zimeshika na kukuhadaa. Kama utumbo umetoka, usiusukume ndani. Ufunike kwa kitambaa laini tasa kilicholoweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mwambie mgonjwa asikohoe wala asijiinue, zuia chakula, na ijulishe thieta.

"Shingo imevimba, anasema anakabwa." Huyu ni yule wa goita. Damu ikikusanyika chini ya kidonda, koo huvimba na njia ya hewa hufunga. Mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Kama anahangaika kupumua, hakuna muda wa kusubiri thieta. Piga kelele ya msaada, daktari wa nusukaputi aitwe, oksijeni iwekwe, na kidonda kifunguliwe pale pale: kata nyuzi za ngozi, kifungue, kata nyuzi za misuli iliyo chini yake, toa damu iliyoganda, kisha weka pamba tasa. Kukata kazi ya mkubwa wako kunaogopesha. Ndiyo maana nilikwambia uhakikishe kisanduku kipo tangu saa mbili. Mwombe pia rezidenti mkubwa akuonyeshe mishono ilipo kabla mambo hayajaharibika.

## Hatua ya 6: Mpigie mkubwa wako, na umpigie vizuri

Hapa ndipo wengi huanguka, si kwa kukosa elimu bali kwa haya. Unajiambia "ngoja nimwangalie tena baada ya saa moja," halafu saa moja inazaa nyingine.

Yule mgonjwa niliyeulizwa "Kwa nini hukunipigia?" alikuwa mama aliyeunganishwa utumbo siku tano nyuma. Saa saba usiku mapigo yalikuwa 118, presha 126 kwa 78, joto 37.6. Alisema tumbo "limejaa." Nilimwandikia parasetamoli na dripu, nikarudi saa tisa, mapigo 122. Sikupiga simu kwa sababu sikuwa na kitu cha kutisha cha kusema. Saa moja asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na thieta wakakuta mshono wa utumbo umeachia. Alipona, baada ya wiki nyingi. Mapigo yale 118 siku ya tano ndiyo yalikuwa kitu cha kusema.

Weka mpaka kabla usiku haujaanza, uuandike juu ya karatasi: nitapiga simu mapigo yakizidi 110 na nisijue kwa nini, oksijeni ikishuka, mgonjwa akihitaji damu, au nikirudi kwa mtu yule yule mara ya pili kwa tatizo lile lile. Hilo la mwisho limeniokoa kuliko mengine yote.

Ukipiga, anza na hitimisho lako. Aliyeamshwa usingizini hasikilizi historia ya dakika tatu akisubiri kujua tatizo. Mfano:

"Shikamoo dokta, samahani kwa kukuamsha. Ni rezidenti wa zamu, wodi ya upasuaji. Nahofia mshono wa utumbo umeachia, naomba uje umwone. Ni mama wa miaka 54, siku ya tano baada ya kukatwa utumbo mpana kwa kansa. Mapigo 118, yalikuwa 84 jana usiku. Presha 126 kwa 78, pumzi 26, joto 37.6. Tumbo limejaa, linauma upande wa kushoto. Nimeweka oksijeni na dripu, nimezuia chakula, damu imepelekwa maabara. Naomba ruhusa ya kuanza antibayotiki na kuagiza CT."

Inasomeka chini ya dakika moja. Ina hofu yako, ombi lako, namba pamoja na zilivyokuwa jana, ulichofanya, na unachotaka. Shika faili mkononi unapopiga. Maagizo utakayopewa yarudie kwa sauti, kwa sababu "sitini" na "tisini" za saa tisa usiku hufanana sana.

Akikujibu kwa ukali, jibu swali alilouliza, si ukali. Akisema "mwangalie tu mpaka asubuhi" na wewe bado una hofu, sema hivyo kwa maneno hayo hayo: "Dokta, bado nina hofu naye." Kisha andika kwenye faili muda wa simu na mlichokubaliana. Hali ikizidi, piga tena. Asipopatikana, panda ngazi inayofuata.

Utajua umefaulu akiuliza maswali mawili au pungufu kabla ya kuamua.

## Hatua ya 7: Akitakiwa thieta

Usikae ukimsubiri mkubwa afike ndipo uanze. Mweleze mgonjwa na ndugu zake kinachofanyika na hatari zake, kwa lugha wanayoielewa, na saini iwe yake mwenyewe kama ana fahamu. Jua alikula lini. Kwa upasuaji uliopangwa tunataka saa 6 tangu chakula kigumu na saa 2 tangu maji matupu. Kwa dharura hatusubiri, ila daktari wa nusukaputi lazima aambiwe ukweli.

Sampuli ya kundi la damu iandike jina ukiwa bado kando ya kitanda. Kuandika chupa baadaye mezani ndiko kunakomfanya mtu aongezewe damu isiyo yake. Upande wa kupasuliwa uwekewe alama mgonjwa akiwa macho.

Ukiwa thieta, orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Usiipitishe kimoyomoyo kwa sababu ni usiku na watu wana haraka.

## Hatua ya 8: Andika kabla hujakaa

Muda, ulichokuta, unachodhani, ulichofanya, uliyempigia, na lini utarudi. Mistari sita inatosha. "Mgonjwa yuko sawa" haimsaidii yeyote. Ukiahidi kurudi saa kumi, weka kengele kwenye simu, maana hutakumbuka.

## Hatua ya 9: Kabidhi asubuhi

Anza na wenye nyota. Jibu mwenyewe lile swali la nne kabla hujaulizwa. Kosa ulilofanya usiku litaje wewe mwenyewe, mapema, pamoja na ulivyolirekebisha. Likigunduliwa na mtu mwingine saa nne litakuwa jambo tofauti kabisa.

Kabla hujaondoka, pitia duara zako, maana majibu yaliyoagizwa usiku na kufika asubuhi ndiyo yanayokosa mwenyewe. Na kama unaendesha gari, lala kwanza nusu saa kwenye chumba cha madaktari. Utafiti wa mwaka 1997 uliochapishwa kwenye jarida la Nature ulipima watu waliokaa macho saa 17 wakakuta wanafanya kazi kama wenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe asubuhi hiyo huenda umezikaribia au kuzipita.